MTIHANI WA DARASA LA SABA: TUACHE KUWAAMBIA WATOTO WAJIFELISHE



Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakibandikwa, maneno huwa ni yale yale. Walimu wavivu. Walimu hawatoshi. Watoto wa siku hizi vichwa vizito. Juu ya madawati na nyumba za walimu tumekwisha kuandika katika ukuta huu, na tutaandika tena. Leo tunataka kulisema lile linalosemwa jikoni na kilabuni lakini mkutanoni halisemwi. Wapo wazazi kati yetu ambao usiku wa kuamkia mtihani humwita mtoto, na zaidi sana mtoto wa kike, wakamwambia: kesho usijibu sawasawa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Limekwisha kusemwa na viongozi na kuandikwa magazetini, katika mikoa ya huku magharibi na ya kanda ya Ziwa. Lakini kwamba jirani naye anafanya haiwi ruhusa.

Na kujifelisha siku hizi ni kazi rahisi mno. Tangu mwaka 2012 Baraza la Mitihani linasahihisha kwa mashine. Mtoto anapewa fomu, anachagua herufi, anaisiliba kwa penseli. Mwaka ule wa kwanza waliofaulu nchi nzima hawakufika theluthi moja, watu wakailaumu mashine. Basi mashine haijui mtoto aliyekosa kwa kutojua na yule aliyekosa kwa kutumwa. Anayejua ni mwalimu aliyekaa naye miaka saba, anayeona kwamba binti aliyekuwa akiongoza katika mitihani ya majaribio ameanguka Septemba kama mtu asiyewahi kushika kitabu. Mwalimu anajua, ila atamshitaki nani?

Tujiulize kwa nini mzazi anafanya hivyo, maana hakuna mzazi anayeamka tu akamchukia mwanawe. Sababu ya kwanza ni ng'ombe, tusifichane. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Kwa hiyo wajanja wamepiga hesabu: binti akifaulu, ni mwanafunzi kwa miaka minne mingine na mahari hayapokelewi. Akifeli, eti si mwanafunzi tena, yuko huru. Wanasahau kwamba mwaka huo huo wa 2016, katika kesi aliyoifungua Ndugu Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mtoto wa darasa la saba ana miaka 13 au 14. Huo uhuru wa kuolewa ameupata wapi?

Sababu ya pili tunaiheshimu zaidi, kwa kuwa ni ya umaskini. Ada ya sekondari iliondolewa kuanzia Januari 2016, ni kweli, lakini ada siyo sare, siyo daftari, siyo viatu, siyo chakula cha mtoto anayekwenda mbali. Na hayo yote yanadaiwa lini? Januari! Januari mkulima wa tumbaku ana nini mfukoni? Tumbaku iko shambani, mbolea ni ya mkopo, fedha ya soko iliyopita imekwisha kwenye madeni na kwenye mabati. Fedha nyingine ni mpaka masoko yafunguliwe. Baba anaona aibu ya Januari inakuja, anaona afadhali aikimbie Septemba. Tunamwelewa. Lakini deni hilo amelihamishia kwa mtoto, na mtoto atalilipa maisha yake yote.

Kuna mzee mmoja katika kikao alitujibu kwamba hata Mwalimu Nyerere alisema elimu ya msingi ijitosheleze, mtoto arudi kijijini alime. Ni kweli, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisema hivyo. Ilisema hivyo kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno wakati ule, darasa zima laweza kutoa mtoto mmoja au lisitoe hata mmoja, na haikuwa haki kuwafundisha wote kwa ajili ya huyo mmoja. Haikusema mtoto aandike uongo kwenye karatasi. Leo kuna sekondari za kata, na anayefaulu anapata nafasi. Na Mwalimu mwenyewe asingetoka Mwisenge kule Musoma akaja shule ya serikali hapa Tabora mwaka 1937 kama angeambiwa ajifelishe. Baadaye alirudi Tabora hii hii kufundisha St. Mary's.

Sisi watu wa njia ya zamani ya misafara hatukuwa hivi. Babu zetu walipita Kwihara na mizigo mpaka Bagamoyo, na kijana alikuwa hahesabiwi mwanaume mpaka aione pwani. Hatujapata kusikia mzazi aliyemwambia mwanawe autupe mzigo Ugogo arudi nyumbani. (Walioondoka walikuwa wavulana wengi zaidi, tunajua. Sasa ni zamu ya wasichana.)

Tena tusiwasingizie waliojifelisha kila kitu. Wengine wanafeli kwa sababu yetu bila kuambiwa neno. Mtihani ni Septemba, na ndiyo miezi ya vitalu: mtoto anamwagilia miche alfajiri, anamwagilia jioni, na katikati hapo anapelekwa akafikiri. Februari na Machi ni kuchuma na kupanda mabanini, utoro unajaa. Jani la tumbaku bichi linaumiza hata mtu mzima, sembuse mtoto. Mteuzi akilipa robota daraja la chini tunarudi nyumbani kuulizana: mbolea ilichelewa? Moto wa bani ulizidi? Mtoto akipata daraja la chini tunamuuliza mwalimu peke yake.

Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya msingi iwe miaka sita na elimu ya lazima iwe miaka kumi. Ikitimia, ujanja huu hautakuwa na pa kupitia. Lakini binti wa mwaka huu hawezi kuisubiri sera.

Kwa hiyo tunapeleka mambo mawili mkutano mkuu. Moja, wakati wa masoko chama kikate kiasi kidogo kwa kila kilo ya mwanachama aliye na mtoto darasa la saba, kiwekwe kwa jina la mtoto, kitoke Januari tu, kwa sare na daftari, si kwa jambo lingine. Mtoto asipochaguliwa, mzazi arudishiwe fedha yake yote. Pili, Agosti na Septemba hakuna mtoto wa darasa la saba kwenye kitalu cha mwanachama, awe wako au wa kuazima.

Wapo watakaosema chama ni cha tumbaku siyo cha shule. Waje waseme mkutanoni. Walio tayari wajiandikishe kwa katibu, daftari liko wazi kila asubuhi ya siku ya kazi.

Kamati ya Gazeti la Ukutani