Ubao wa watoto ulivyozimwa

Leo nina neno na nyie walimu vijana wa chekechea na darasa la kwanza, hasa mnaopenda kompyuta.

Mnaikumbuka Jamboard ya Google? Ubao wa kwenye intaneti. Kila mtoto anabandika kikaratasi chake cha rangi, anachora, wenzake wanaona papo hapo. Hata asiyejua kuandika naye yumo. Bomba ile mbaya! Ila mmoja akigusa vibaya, nyumba ya mwenzake inafutika. Hapo ni kilio.

Kumbe mfutaji mkubwa alikuwa mwenye ubao. Septemba 2023 Google walitangaza kuufunga, Oktoba 1, 2024 ukawa wa kuangalia tu, Desemba 31 ukazimwa jumla.

Basi nyie mnaotumia vya namna hiyo, kila Ijumaa chapeni kazi zao, bandikeni ukutani. Na majina kamili ya nini? Marekani wana sheria tangu 1998: mtandao usichukue habari za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Wewe umemuuliza mama yake?