Feringi Funga, Lakini Mita Usiizike

Wasee wa nduthi, leo ni zamu yenu, na najua kuna wale watakasirika. Kasirikeni tu, lakini malizeni kusoma kwanza.

Simama steji yoyote kuanzia Umoja mpaka Kayole. Cheki zile nduthi zimefungwa feringi, ile ngao ya plastiki na kioo inakaa mbele ya usukani. Rangi inawaka, stika za Arsenal kila mahali, taa za buluu. Ni safi, siwezi kudanganya. Sasa inama kidogo utafute mita. Utaipata imezikwa nyuma ya plastiki, mahali hata mwenyewe haioni. Ama inaning'inia kwa waya. Ama haiko kabisa, imebaki tundu, na kwa hilo tundu mtu ameweka spika.

Spika, buda! Mahali pa kukuambia unaenda mbio kiasi gani, umeweka muziki.

Msimamo wangu ni huu: fundi akikufungia feringi bila kuhamisha mita mahali utaiona, hajamaliza kazi na hafai kulipwa. Na wewe ukikubali kuondoka hivyo, shida si ya fundi peke yake. Sisemi hivi kwa sababu mimi ni mjanja. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe nilikubali.

Nilikuwa na Boxer, nabeba watu jioni baada ya darasa. Ikafika Julai, na mnajua baridi ya Nairobi mwezi wa saba, inakupiga kifua mpaka unakohoa kama mzee. Nikatafuta feringi. Fundi mmoja akaifunga chini ya saa moja. Mita ilikuwa inazuia braketi, kwa hivyo akaisukuma chini, akakunja kebo yake, akaikaza na kamba ya plastiki. Nikamuuliza, "Boss, na mita sasa?" Akacheka. "Kwani unapeleka ndege? Mita ya nini?" Nikacheka pia. Nikalipa, nikapiga picha, nikapost.

Wiki mbili baadaye nampeleka mathe kliniki Mama Lucy. Tunapinda polepole kabisa, spidi ya mtu anatembea, usukani ukafika nusu ukakataa kuendelea. Ile kebo ilikuwa imenasa kwa braketi. Nduthi ikalala upande, mathe akaanguka nayo, akavunjika kifundo cha mkono. Hakukuwa na gari nyuma yetu, na hiyo ilikuwa bahati tu. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Si ulisema umeitengeneza?" Hilo swali nimekaa nalo mpaka leo.

Lakini kebo kunasa ni nusu ya hii hadithi. Nusu ingine ni ile hakuna mtu anaongea juu yake.

Wengi wetu tunajua spidi kwa upepo. Hatuangalii mita, ni kweli. Tunasikia upepo kifuani, macho yanatoa machozi, koti linapepea, tunajua hapa nimezidisha. Sasa kazi ya feringi ni gani? Ni kuzuia huo upepo. Ukishaifunga, 80 inaanza kukaa kama 60. Kifua kimetulia, macho yamekauka, unahisi unaendesha polepole kama mtu wa kanisa. Kwa hivyo siku ile unafunga feringi ndiyo siku unahitaji mita kuliko siku zote, na hiyo hiyo siku ndiyo unaiondoa. Umejiziba masikio, halafu ukajifunga macho.

Hesabu ni rahisi. Ukiwa 50, kila sekunde nduthi inakula kama mita 14 za barabara. Ukiwa 80, inakula 22. Mtoto akichomoka nyuma ya kibanda huko Kangundo Road, hizo mita nane zinapotea kabla hata hujagusa breki. Na ukigonga, nguvu ya kugonga haiongezeki kidogo kidogo: ya 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50. Sheria ya trafiki ya Kenya inasema 50 kwa saa ndani ya mji. Utajuaje uko 50 kama mita imelala chini ya plastiki?

Na hiyo mita si kitu cha ajabu. Kwa nduthi nyingi za mtaa, gurudumu la mbele linazungusha gia ndogo, gia inazungusha kebo, kebo inazungusha sumaku ndani ya mita. Sumaku inavuta kikombe cha alumini bila kukigusa, na springi ndogo inakizuia kisizunguke chote. Hapo ndipo mshale unatoka. Haihitaji betri wala bando. Inataka tu kebo isikunjwe vibaya. Ukiikunja kama fundi wangu alivyofanya, mshale unaanza kutetemeka, halafu kebo inakatika ndani, halafu unaambia watu "mita za hizi nduthi hufa zenyewe." Hazifi zenyewe. Tunaziua.

Kisha kuna kilomita. Kebo ikikatika, hesabu ya kilomita inasimama. Utabadilisha oili lini? "Nikisikia injini inalia." Ikilia, umeshachelewa. Na siku utaenda kununua nduthi ya mtu, utaambiwa "hii haijatembea sana," uangalie mita iliyokwama, na huna la kusema. Tunaibiana sisi kwa sisi na hiyo ujinga.

Najua majibu yenu. "Niko na app kwa simu." Sawa. Hiyo app inachelewa, inapotea ukiingia katikati ya maghorofa, na haikuonyeshi taa ya neutral wala taa ya indiketa uliyosahau kuzima. Halafu mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Na hata tusiongee juu ya kuacha simu nje Juja Road.

"Polisi hawaangalii mita." Kweli. Hata mkono wa mathe haukuvunjwa na polisi.

"Unachukia stailo." Hapana! Sisi watu wa Eastlands tumelelewa na nganya. Tulichagua mathree ya kupanda kwa graffiti na besi. Lakini kumbuka ni nini kilitokea kwa mathree: ilibidi Michuki alazimishe vidhibiti mwendo mwaka 2004, kila mathree iwe mwisho 80, kwa sababu sekta ilikataa kujichunga. Boda nazo zinaenda njia hiyo hiyo. Sheria ikikuja itakuja na rungu, na tutalia tunaonewa. Wenye nduthi za stima hawafichi skrini yao, kwa sababu asilimia ya betri iko hapo. Kumbe tukitaka kuona kitu, nafasi inapatikana.

Kwa hivyo feringi funga. Kifua chako kinahitaji kinga. Lakini mwambie fundi hivi, na usiondoke mpaka afanye.

Mita ipande juu, nyuma ya kioo, uione bila kuinamisha kichwa. Kebo ikiwa fupi, nunua ndefu. Usikubali kuivuta. Ipite kwa mkunjo mpana, isiguse braketi. Waya zikiongezwa, zichomewe kwa lehemu na kufunikwa vizuri, si kusokotwa na kupigwa tepu. Taa ya neutral, ya indiketa na ya full zote ziwake, mchana uzione.

Halafu hii ndiyo muhimu kuliko zote. Feringi ya usukani inageuka na usukani, kwa hivyo kila kebo na kila waya lazima iwe na nafasi ya kugeuka. Kabla hujalipa, panda nduthi, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Fanya mara tatu, sikiliza. Kitu kikivuta, kikikwaruza, kikikataa, mrudishie fundi spana. Hiyo ni dakika moja. Mimi sikuifanya.

Feringi yangu bado iko. Niliifungua yote, nikanunua kebo mpya, nikachonga braketi nyingine na msee anajua kazi yake. Mita sasa iko juu, mbele ya macho. Siku ya kwanza nilitoka nayo Outer Ring nikidhani niko 50, nikaangalia mshale. Nilikuwa 70.

Mathe hajapanda tena. Anasema ataangalia kwanza.