Bili Ikome Daktari Anapotia Sahihi

Wiki hii nilikwenda kumjulia hali jirani yangu, mama mzee aliyelazwa kwa kiharusi katika hospitali moja ya umma jijini Nairobi. Nilimkuta keshavaa, leso kajifunga, kikapu kiko miguuni. Daktari alikuwa ameshamruhusu aende nyumbani. Mlangoni pa wodi, askari alishika orodha ya wasiopaswa kupita hadi walipe.

Mnaonisoma kila Jumamosi mnanijua mimi na madirisha ya keshia: sinyamazi. Nilimuuliza binti aliyekuwa zamu dirishani mbona bili ya leo imezidi ya jana, ilhali mgonjwa hatibiwi tena.

"Ni pesa ya kitanda, mwalimu," akanijibu. "Akilala, analipa."

Damu ilinichemka, na hadi sasa haijatulia. Unamzuia mtu kuondoka, kisha unamtoza kwa kutoondoka! Mwanawe, kijana wa bodaboda, alikuwa ameketi nje akiomba mchango kwa simu. Alichochangiwa asubuhi, kitanda kilikuwa kimekimeza kufikia jioni.

Ni ukatili, na mahakama ilishasema hivyo. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani kwa kukosa pesa. Alisema kuwazuia kulikiuka Katiba, akaagiza walipwe fidia, mmoja Sh1.5 milioni, mwenzake Sh500,000. Miaka imepita, na askari bado yuko mlangoni. Yuko kwa sababu fidia hutoka kwa mlipa kodi. Aliyeamuru mlango ufungwe hatoi hata ndururu.

Na pesa iliyotozwa isivyo halali inaweza kurudishwa. Nchini Ireland, serikali ilitaka kuhalalisha ada ambazo wagonjwa wa kutunzwa kwa muda mrefu, wengi wao wazee, walikuwa wametozwa kinyume cha sheria. Mahakama ya Juu ikakataa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwarudishia pesa zao.

Deni la matibabu ni deni, na lidaiwe kama madeni mengine: kwa makubaliano, au kortini. Lakini daktari akishatia sahihi, bili ikome hapo hapo. Kila usiku ambao jirani yangu amelala pale baada ya sahihi hiyo, yeye ndiye anayeidai hospitali.