Kuamini Mungu hakukatazi kumsikiliza daktari

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, wilayani Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3470 walikuwa wameugua na 2287 kati yao walikuwa wamekufa. Makanisa yetu yana sababu ya kuikumbuka miaka ile, maana fundisho lake linahitajika hata leo.

Mwezi wa saba 2019, mgonjwa wa kwanza kupatikana hapa Goma alikuwa pasta. Alitoka Butembo, ambako alihubiri na kuwekea watu mikono, wagonjwa pia. Hakuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho waamini wanaomba kila siku kwa watumishi wa Mungu. Lakini ugonjwa hauchagui mkono.

Ni kweli, wakaaji wa Beni na Butembo walikuwa na sababu za kutoamini. Mauaji yalikuwa yanaendelea huko tangu 2014. Mwezi wa kumi na mbili 2018, uchaguzi wa rais uliahirishwa kwao, wakati wengine nchini walipiga kura. Wengi walisema Ebola ni siasa na biashara. Vituo vya matibabu vikachomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun, akauawa hospitalini Butembo. Kuuliza maswali kwa wakubwa ni haki ya kila mtu. Kukataa majibu yote kabla ya kuyasikia ni jambo lingine.

Kuna waliofungua akili. Parokia na makanisa mengine yaliacha kupeana mkono wakati wa ibada na kuweka maji ya kunawa mlangoni. Kuna waliofungua moyo pia. Watu waliopona Ebola walijitolea kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa kitandani wakitibiwa. Walipaswa kuheshimiwa kanisani, lakini baadhi yao waliporudi nyumbani, majirani waliwakimbia.

Biblia yenyewe haiogopi dawa. Paulo anamtaja Luka kuwa daktari mpendwa. Msamaria alimfunga vidonda yule aliyepigwa na wanyang'anyi, akalipa gharama za kumtunza. Na Yesu alipowaponya wakoma kumi, aliwatuma kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kama mtu amepona kweli. Makanisa yetu pia yanajua hivyo: hospitali ya Panzi kule Bukavu iko chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, na daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel 2018, ni pasta.

Lakini mpaka leo, katika vyumba vya maombi, kuna watoto wenye malaria kali wanaofungiwa siku nzima kwa sababu degedege inaitwa pepo. Kuna wenye kifafa wanaolazimishwa kufunga bila kula. Mpox ilipoanza kusambaa Kamituga, kule Kivu ya Kusini, tungetamani kuona tumejifunza.

Wengine watajibu: sisi tumeona wagonjwa wakipona kwa maombi. Sibishani nao. Ila aliyepona kweli hapotezi kitu akipimwa na daktari. Na asiyepona anapoteza maisha akicheleweshwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, kila pasta, padri au mwinjilisti anayeletewa mgonjwa amwombee, kisha amtume siku ileile kwenye kituo cha afya. Pili, pale jamaa haina pesa ya matibabu, sehemu ya sadaka itumike kuwasaidia, maana wengi wanabaki kwenye maombi kwa sababu ya umaskini tu. Tatu, asiambiwe mgonjwa kamwe kwamba hakupona kwa kukosa imani. Neno hilo linaongeza mzigo kwa mtu aliyekwisha lemewa.

Mkristo anayeuliza, anayesikiliza na kubadili njia akipata ukweli, hajapunguza imani yake. Anamlinda mtoto wa jirani, na Injili inatuomba jambo hilo tangu mwanzo.