Sista Akiuliza, Mzee Ajibu

Tuseme umepigiwa simu kutoka nyumbani Suneka. Mzee amezidiwa na tumbo, akakimbizwa hospitalini mjini Kisii, na madaktari wamekata sehemu ya utumbo mpana iliyokuwa imejisokota. Unapanda basi la usiku kutoka Nairobi pamoja na mkeo. Mkifika wodini, shangazi yuko pale tayari na chupa ya uji wa wimbi. Sista anamwuliza mzee, "Umetoa hewa?" Mzee anageukia ukuta.

Si kiburi. Abagusii wana chinsoni, ile heshima kati ya vizazi inayomzuia baba kutaja mambo ya mwili mbele ya mwanawe na mkaza mwana. Lakini jibu analolificha ndilo daktari analolingojea.

Utumbo ukiguswaguswa wakati wa upasuaji, huacha kusukuma chakula kwa muda. Utumbo mwembamba huamka karibu baada ya siku moja, lakini utumbo mpana hukawia, mara nyingi hadi siku ya tatu au zaidi. Mgonjwa akijamba, hiyo ni habari njema.

Siku ya nne au ya tano ikifika bila hewa wala choo, tumbo limevimba na mgonjwa anatapika, huenda utumbo umechelewa kuamka. Daktari atasimamisha chakula, na pengine apitishe mpira puani hadi tumboni ili kutoa maji yaliyokusanyika. Atapima damu aone kama madini ya potasiamu yamepungua. Dawa za maumivu za jamii ya mofini nazo huchelewesha utumbo, kwa hivyo anaweza kuzipunguza. Ukiona homa, moyo kwenda mbio, au maumivu yanayozidi, mwite sista mara moja, maana huenda mshono wa utumbo unavuja.

Je, uji wa shangazi ni sumu? La. Zamani mgonjwa alifunga hadi ajambe. Katika miaka ya 1990, Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, alionyesha kwamba kula na kutembea mapema husaidia mgonjwa kupona haraka. Kosa ni kumnywesha bila ruhusa. Utumbo ukiwa bado umelala, anaweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni.

Kwa hivyo, kwanza uliza kabla ya kufungua chupa. Pili, daktari akikubali, mshike mzee mkono atembee wodini, hata hatua chache, mara kadhaa kwa siku. Tatu, sista akija na maswali yake, wewe na mkeo tokeni nje. Mzee atajibu, na chinsoni haitavunjwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sista akirudi na habari kwamba mzee amejamba, msicheke. Shukuruni, kisha mwulizeni kama sasa uji unaruhusiwa.