Kikulacho ki kiunoni mwako

Leo naomba tuvuke maji, twende majuu, Marekani, jimbo la Texas, tukaongee habari za kiuno. Tulia, si kiuno hicho unachokiwaza wewe! Nazungumzia kiuno cha mtu aliyening'iniza bastola nje nje, kila mpita njia anaiona, mwenyewe yuko foleni dukani ananunua mkate na maziwa.

Huku kwetu ukimwona raia na bastola inachungulia mkandani, unabadili njia kimya kimya. Texas ni mambo ya kawaida. Tangu tarehe 1 Januari 2016 wenye leseni waliruhusiwa kubeba bastola ya kuonekana, mradi iwe kwenye ala ya mkandani au ya begani. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 hata hiyo leseni si lazima kwa mtu anayekubaliwa na sheria kuibeba. Lakini sharti moja halikufutwa: bastola ikionekana, iwe ndani ya ala. Ala ndiyo kile kifuko cha kiunoni, vijana wanakiita holsta.

Sasa mimi na ala za bastola wapi na wapi? Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Houston mwaka wa tisa huu. Anafanya zamu ya usiku kwenye duka la kituo cha mafuta. Makaratasi yake yametimia, ana ukaazi wa kudumu, bastola kanunua kihalali. Usiku mmoja simu yangu ikalia, picha tatu hizo.

"Dogo, wewe mtoto wa mjini, jicho unalo. Ipi kali hapo?"

Ya kwanza ilikuwa ya ngozi ya kahawia, imenakshiwa maua, inaning'inia mpaka pajani kama ya kauboi. Ya pili ya nailoni laini, dola 20, ati inaenea bastola zote. Ya tatu ya plastiki ngumu, nene, haina mvuto, kama kipande cha bomba la maji. Bei yake imepita dola 100.

Nikamwambia, "Kaka, shati nitakuchagulia sasa hivi. Hii nipe wiki mbili." Maana nilimfikiria mama mkubwa, ambaye kila Ijumaa ananiuliza kama mwanawe yu salama. Nikasoma, nikauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Watu wengi, wakishaangalia sinema mbili tatu, wanadhani kazi ya ala ni kuitoa bastola haraka. Wapi! Kazi yake ya kwanza ni kuizuia isitoke. Isichomoke yenyewe unapoinama, isitoke kwa mkono wa mtu mwingine, wala risasi isitoke bila kuitwa. Bastola iliyofichwa ndani ya shati ina ulinzi mmoja wa bure: mwizi hajui kama ipo. Ya kuning'inia nje haina siri. Umemwonyesha kila mtu silaha ilipo, na anayekuja nyuma yako anaiona vizuri kuliko wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ki kiunoni.

Tuanze na bishoo asiyetaka ala kabisa, anayeichomeka tu kwenye suruali. Yupo mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress wa New York Giants. Februari 2008 alidaka mpira uliowapa timu yake ubingwa wa Super Bowl. Nchi nzima ikamjua. Novemba mwaka huo huo akaingia klabu ya usiku Manhattan na bastola aina ya Glock kaichomeka kiunoni, bila ala. Ikateleza, akaidaka, ikafyatuka, risasi ikampiga paja lake mwenyewe. Na kwa kuwa New York hakuwa na kibali cha kuibeba, mwaka 2009 akahukumiwa miaka 2 jela. Mkono ule ule uliodaka ubingwa!

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni triga. Ala ifunike triga yote, na iwe ngumu kiasi kwamba kidole hakiwezi kuibonyeza kwa nje. Hapo nailoni ya dola 20 inafeli mtihani. Kinachoenea bastola zote hakijakaa sawasawa kwenye hata moja. Ngozi nzuri ni nzuri kweli, ila nayo ina uzee wake. Ikilegea, mdomo wake unakunjika kwa ndani. Unarudisha bastola, lile kunyanzi linaingia kwenye triga, na kishindo unakisikia wewe wa kwanza.

La pili ni kipimo. Ala inunuliwe kwa jina la bastola yenyewe, aina na ukubwa wake. Ukiifunga taa chini ya mtutu, ile ala ya zamani haifai tena, tafuta iliyotengenezwa kwa bastola na taa yake. Halafu mdomo ubaki wazi bastola ikiwa nje, ili uweze kuirudisha kwa mkono mmoja.

La tatu ndilo lenyewe hasa: kufuli. Polisi wa Marekani walilijifunza kwa machozi, maana wapo wenzao waliouawa kwa bastola zao wenyewe, walizonyang'anywa kwenye purukushani. Bill Rogers, aliyewahi kuwa ofisa wa FBI na baadaye fundi wa ala, ndiye aliyetunga kipimo. Bastola inawekwa kwenye ala, mtu mwingine anaishika mpini na kuivuta kila upande kwa nguvu kwa sekunde 5, mvaaji hajitetei. Isipotoka, hiyo ni ngazi ya 1. Fungua kufuli moja, avute tena. Ikibaki, ngazi ya 2. Na kuendelea. Ila chunga, viwanda vingine vinahesabu ngazi kwa namna yao. Usiamini namba ya kwenye boksi, uliza kufuli ni ngapi na zinafunguliwaje.

Kampuni moja kubwa inayotengeneza ala hizi inaitwa Safariland, ilianzishwa California mwaka 1964. Umelisikia jina? Neno letu hilo, safari, limefika mpaka kwenye viuno vya polisi wa Marekani! Kufuli zao zinazosifiwa zinafunguliwa kwa kidole gumba, wakati mkono unashika mpini kama kawaida. Zipo ala nyingine ambazo kitufe kinabonyezwa kwa kidole cha shahada. Hizo wakufunzi wengi wanazikataa, kwa sababu kidole kilichokuwa kinabonyeza kitufe, bastola ikitoka, kinaweza kuendelea kubonyeza na kikajikuta juu ya triga. Mtu na haraka zake, unajua tena.

La nne ni mkanda na mahali. Bastola ya ukubwa wa kawaida iliyojaa risasi inakaribia kilo 1. Ukiitundika kwenye mkanda laini wa kuendea disko, inayumba kama embe mtini, na suruali inashuka. Mkanda uwe mgumu, ujaze matundu ya ala. Mahali pazuri ni ubavuni upande wa mkono wenye nguvu, juu kiunoni, ambapo kiwiko kinaweza kushuka na kuibana mtu akisogea. Mgongoni hapana, huoni. Ya begani nayo ina kasoro: mpini unamtazama mtu aliye mbele yako, kama umemkaribisha.

Na ile ya pajani yenye maua? Hiyo ni ya Hollywood, bwana. Kulikuwa na fundi anaitwa Arvo Ojala, aliyewafundisha waigizaji wengi kuchomoa haraka, na ala zake alizitia bati ndani ili bastola itoke kama umeme. Lakini waigizaji walikuwa na baruti bila risasi, na muongozaji akisema basi, wote wanakwenda kula. Dukani Houston saa nane usiku hakuna muongozaji.

Nikampigia kaka, nikamwambia, "Chukua ile mbaya." Akacheka. "Dogo, hiyo si ya kuuzia sura." Nikamjibu, "Mama mkubwa hataki sura, anakutaka wewe." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kitu cha maana: kufuli zikiwa mbili, akihitaji kuitoa si atachelewa? Atachelewa asipofanya mazoezi. Ala yenye kufuli usiyoizoea ni kama choo chenye komeo bovu, ukitaka kutoka ndipo kinagoma. Mazoezi yafanywe bastola ikiwa tupu, umeikagua mara mbili, na risasi ziko chumba kingine. Kuirudisha taratibu, macho yanatazama. Haraka ya kuirudisha ni ya nini? Hakuna anayekupa tuzo.

Pia nilimwambia akamwone bosi wake kwanza, kwani mwajiri ana haki ya kukataa silaha kazini. Na milangoni atazame matangazo. Texas tangazo lenye namba 30.07 maana yake bastola ya kuonekana haitakiwi hapa. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwenye pombe nayo ni marufuku. Akivuka kwenda jimbo lingine, sheria inageuka: Illinois, iliko Chicago, sheria yao ya 2013 inataka bastola ifichwe, yote au sehemu kubwa.

Na wewe kijana unayesoma hapa huku viza ya masomo au ya matembezi iko mkononi, sikiliza vizuri. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya namna yako kumiliki bastola, hata risasi zake, isipokuwa kwa mambo machache kama kibali cha kuwinda. Rafiki asikudanganye, "Vaa kidogo tukupige picha." Picha hiyo inaweza kukurudisha nyumbani kabla ya digrii.

Basi msomaji, hayo ndiyo ya kiunoni. Ala inayopendeza hutazamwa na watu, ala nzuri haiwapi kitu cha kuchukua. Kama hupendi kubeba mzigo wa kuulinda hivyo mchana na usiku, dawa ni rahisi: usiutundike. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.