Kikundi cha kuacha pombe nacho ni mtaji

Wapambanaji wenzangu wa Kibiti, Bungu, Ikwiriri, Nyamisati na visiwa vya delta, leo sizungumzii bei wala namna ya kupiga picha bidhaa. Nazungumzia kitu kinachoua biashara nyingi za simu na hatupendi kukitaja: pombe.

Sisi tunaouza mtandaoni tuko kwenye hatari ya peke yake. Hatuna bosi, hatuna saa ya kufunga, na hela inaingia kwenye simu muda wowote. Mteja wa Mbagala analipia kilo tano za kamba saa kumi na mbili jioni. Mzigo unatakiwa upande gari asubuhi. Katikati hapo kuna usiku mmoja na kilabu cha tembo. Kesho yake barafu imeyeyuka, simu imezimwa, na mteja ameshaposti kwamba wewe ni tapeli. Ili umrudishie, unakopa kausha damu. Hapo mtaji umekwisha, na bado utataka kutoa loki.

Mtu wa hivi tunamwambia nini? "Jikaze." Mimi naona ushauri huo hausaidii. Uraibu wa pombe ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linauorodhesha hivyo. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Viroba vikaondoka madukani, lakini tembo na gongo vipo, na mwenye uraibu alihamia huko. Anachohitaji ni watu wa kumshika mkono wiki hadi wiki.

Njia hii ilianza na mtu wa biashara. Mwaka 1935 Mmarekani Bill Wilson alisafiri hadi mji wa Akron kufuatilia dili, likabuma. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na baa ya hoteli ilikuwa karibu. Badala ya kuingia, alipiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith. Kutoka kwa hao wawili ndiyo ikatokea Alcoholics Anonymous, yaani AA. Hakuna ada, majina hayatolewi nje, na sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Hata Zanzibar, vijana waliotoka kwenye heroini wamepata nafuu kwenye nyumba za soba kwa hatua 12 zilizotokana na AA.

Sasa wewe uliye Kibiti unaanzia wapi?

1. Anzia kwenye matibabu. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako. Arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na hata kuua. Nenda kituo cha afya au hospitali, useme ukweli unakunywa kiasi gani.

2. Uliza. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri kazi yao ni pamoja na mambo haya. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Piga uulize kikundi au huduma iliyo karibu nawe.

3. Tumia simu uliyonayo. AA wana mikutano ya mtandaoni kila siku. Kama Kiingereza kinapanda, unaweza kuingia ukiwa nyumbani, kamera umezima.

4. Kama uko mbali, Salale au Mbwera, msisubiri mtu wa Dar aje. Anzeni wawili. VICOBA mnaviendesha, basi mnajua kazi: siku moja ya wiki, saa moja, sehemu moja iliyo mbali na kilabu, na yanayosemwa yabaki humo. Ila hela msiziguse. Kikundi hiki si cha kukopeshana.

5. Linda hela ya oda. Miezi ya mwanzo, malipo ya wateja yaingie kwenye laini inayoshikwa na mtu unayemwamini. Kufanya hivyo si aibu, mbona duka kubwa lina mhasibu.

Najua kinachotuzuia ni aibu. Huku kwetu wengi wetu ni Waislamu, kwa hiyo mnywaji anajificha mara mbili: anaificha chupa, halafu anajificha yeye mwenyewe. Atasema, "Wateja wakijua je?" Ndugu yangu, mteja aliyepokea kamba waliooza ameshajua. Kikundi hakitamwambia mtu yeyote. Kuchelewesha mizigo kila wiki ndiko kunakokutangaza.

Na wewe unayeishi naye au unayefanya naye biashara, una sehemu yako. Usimlipie deni la kilabuni. Usiwadanganye wateja kwamba anaumwa malaria. Msindikize kwenye kikao cha kwanza, ukae nje umsubiri. Akiteleza na kunywa tena, mrudishe kikundini bila matusi, kwa sababu wengi huteleza kabla hawajasimama sawasawa.

Kama unajua kikundi kuanzia Mkuranga hadi Utete, mwambie mwenzako anayekihitaji leo. Mwambie inbox, usimtaje hadharani.